Nani Ana Ufunguo wa Stoo ya Michezo?

Ukitaka kujua chuo kikuu kinathamini michezo gani, usihangaike na tovuti yake wala hotuba za siku ya mahafali. Nenda idara ya michezo, uliza nani ana ufunguo wa stoo. Raga ina rafu zake, mpira wa vikapu una kabati lake, kandanda ina chumba kizima na mtu wa kufua jezi juu. Sisi wa mchezo wa vitara, zile panga nyembamba za kushindania, tulikuwa na mfuko mmoja mrefu wa turubai, uliolala chini ya kitanda cha hosteli. Mwenye kitanda akienda kwao Kakamega wikendi na kufunga mlango, hakuna mazoezi.

Chuo chenyewe sitakitaja. Ni kimoja kati ya hivi vya Nairobi, na ninayoyasema nimeyasikia pia kwa waliosoma kwingine: watu wa kukwea miamba, wa frisbi, wa mpira wa besi, hata wa sataranji, ambao vifaa vyao vyote vinaingia kwenye mkoba mmoja. Mimi nilimaliza zamani kidogo, nafanya kazi, Helb, wale wa mikopo ya wanafunzi, wananikumbuka kila mwezi. Kilichonirudisha kwenye habari hizi ni simu ya kijana mmoja ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa klabu yetu. Ofisi imemwambia klabu haiko kwenye kumbukumbu zao, kwa hiyo aanze usajili upya kama klabu mpya. Klabu aliyoikuta. Klabu ambayo mimi niliikuta pia, na walionikaribisha nao waliikuta.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, nitaeleza kwa ufupi. Vitara ni vya aina tatu, na sisi tulikuwa tukicheza epee, ile nzito, ambayo mwili mzima wa mpinzani ni shabaha, kuanzia kidole cha mguu hadi kofia. Uwanja ni ukanda wa mita 14 kwa mita moja na nusu au mbili, kwa hiyo korido pana inatosha, na sisi tulizoea korido. Kwenye ncha kuna kitufe chenye springi. Ukimgusa mwenzako kwa nguvu ya kutosha, umeme unapita kwenye nyuzi mbili nyembamba zilizogandishwa ndani ya mfereji wa kitara, unaingia kwenye waya uliovaa chini ya koti, unafika kwenye sanduku la taa. Nyekundu ni ya huyu, kijani ni ya yule. Mkigusana ndani ya sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde, zinawaka zote, kila mmoja anapata pointi.

Nguvu ya kutosha maana yake ni gramu 750. Mashindanoni kuna kipimo rasmi cha chuma cha uzito huo: unasimamisha kitara ncha ikitazama juu, unakivisha kipimo, unabonyeza hadi taa iwake, kisha unaachia. Springi ikiweza kukinyanyua na taa ikazima, ncha ni nzima. Kipimo rasmi hatukuwa nacho. Tulikuwa na kopo lililojazwa mchanga, limepitishwa kibomba katikati, na mchanga tuliupima kwenye mizani ya bucha hapo nje ya geti, tukiongeza kijiko na kupunguza kijiko huku mwenye bucha akituuliza kama tunapima nyama ya jini. Parafujo za ncha ni ndogo kuliko punje ya mchele. Ikianguka moja jioni, mazoezi yanasimama, watu wote wanapiga magoti na tochi za simu. Waya ukikatika, unaupeleka Luthuli Avenue. Kuna mafundi pale ambao hawajawahi kuona kitara maishani mwao, lakini ukimwonyesha plagi yenye pini tatu na umwambie umeme unaishia wapi, anakulehemea huku akiongea na simu. Soksi nyeupe ndefu tulinunua Gikomba, zile za magongo. Kwa hiyo ninaposema kwamba klabu ndogo haihitaji pesa nyingi, sisemi kwa kukisia.

Inachohitaji ni mtu wa kuikumbuka.

Mwanafunzi anakaa chuoni miaka minne. Mwaka wa kwanza anatafuta njia ya mesi na ukumbi wa mihadhara, mwaka wa mwisho anaandika mradi na kutafuta kazi. Ukiwa na bahati, anaitumikia klabu miaka miwili hapo katikati. Ongeza migomo ya wahadhiri inayosukuma muhula mbele na nyuma, hadi huyu anaingia wakati yule aliyepaswa kumwachia kazi ameshaondoka. Machi 2020 serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, kandanda ilirudi baadaye kama kawaida, maana afisa wa michezo alikuwepo, mipira ilikuwepo, ratiba ilikuwepo. Klabu ndogo nyingi ndipo zilipoishia. Haikuwa kukosa hamu. Walioondoka hawakuonana na walioingia, basi.

Klabu kubwa nayo inabadilisha wachezaji vivyo hivyo. Mean Machine, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi, imekuwepo tangu miaka ya 1970, na hakuna hata mmoja wa waliocheza miaka hiyo aliyeko kwenye kikosi leo! Inaendelea kwa sababu ina kocha, ina uwanja, ina jina ambalo chuo chenyewe kinalitaja kwa fahari. Wanafunzi ni wapita njia, chuo ndicho mwenyeji. Kwa klabu ndogo mambo yamegeuzwa: mpita njia ndiye anayeambiwa atunze nyumba.

Sasa tazama usajili wenyewe unavyofanywa. Kwetu, kila mwaka wa masomo klabu ilitakiwa kupeleka katiba yake, orodha ya wanachama wenye namba za usajili isiyopungua idadi fulani, mlezi ambaye ni mhadhiri, na mpango wa kazi. Usipofanya hivyo kufikia tarehe waliyoweka, klabu imekufa kiofisi. Fomu za mwaka uliopita hata hazifunguliwi. Katiba ileile, yenye makosa yaleyale ya herufi, inachapwa upya na kupigwa mhuri upya. Na hiyo idadi ya wanachama ndiyo inayoharibu kila kitu. Ukiwa na kofia nne za wavu wa kukinga uso, watu wanaoweza kucheza kwa wakati mmoja ni wanne, wengine wanangoja. Klabu ya namna hiyo yenye watu kumi na watano inapumua vizuri. Ofisi inataka orodha ndefu, basi klabu ndogo zote nilizozijua zilikuwa na wanachama wa karatasi: makomredi wa hosteli waliotia sahihi kwa ajili ya andazi na hawakuonekana tena. Afisa anajua, mlezi anajua, orodha inapokelewa.

Ukidhani mhuri ni urasimu mtupu usio na maana uwanjani, nikupeleke getini. Tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, lililoua watu 148, ukaguzi wa mageti ya vyuo si jambo la kuchezea, na mimi siyo mtu wa kuulalamikia. Jioni moja tulikuwa tunarudi kutoka kucheza na wenzetu wa mjini, tumeubeba ule mfuko. Soja akafungua zipu.

"Kijana, hizi ni nini?"

"Ni vitara vya mchezo, mkubwa. Havina makali."

"Hata rungu halina makali."

Hapo hakuna jibu. Tukatoa barua ya klabu. Akaisoma yote, polepole, akaweka kidole kwenye mwaka. Ilikuwa ya mwaka wa masomo uliokwisha, na mpya ilikuwa mezani kwa mtu aliyekuwa likizo. Akapiga simu idara ya michezo, aliyepokea akasema hajui klabu kama hiyo. Vitara vyetu vikalala kwenye kibanda cha ulinzi pamoja na koili za kuchemshia maji zilizonyang'anywa hosteli. Yule soja alifanya kazi yake sawasawa. Nilichokosa mimi ni mtu mmoja upande wa pili wa simu wa kusema, ndiyo, hao ni wetu.

Afisa wa michezo naye tumwonee huruma. Ana basi moja, na wiki mbili kwa mwezi limeharibika. Anapimwa kwa makombe anayoyapeleka kwa Naibu Chansela, na makombe yanatoka kwenye mashindano ya vyuo, yale ambayo wengi bado tunayaita ya KUSA, kwa jina la chama cha michezo ya vyuo vikuu: kandanda, voliboli, netiboli, mpira wa mikono, raga, magongo, riadha. Mchezo usio na kombe hapo hauna safu kwenye ripoti yake. Viongozi wa wanafunzi hawatakuokoa pia. Tangu sheria ya vyuo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, wanachaguliwa na wajumbe na wanakaa mwaka mmoja. Mtu wa mwaka mmoja anaahidi taa za uwanja wa mpira. Watu kumi na watano wa vitara ni kura za nini?

Hoja ambayo siikubali ni ile ya kwamba mchezo huu si wetu, ni wa Wazungu wenye pesa. Alexandra Ndolo, ambaye baba yake ni Mkenya, alishinda fedha ya dunia kwa epee huko Cairo mwaka 2022 akiichezea Ujerumani, akahamia Kenya mwaka huohuo, na Paris 2024 akawa Mkenya wa kwanza kucheza vitara Olimpiki. Huku mtaani, upande wa Mathare, Mburu Wanyoike alianzisha klabu ya Tsavora, na watoto wanaojifunza pale wanacheza vizuri kuliko sisi tulivyowahi kucheza. Vitara ni mchezo wa lazima kwenye Michezo ya Dunia ya vyuo vikuu, na umo kwenye Olimpiki ya vijana ya Dakar 2026, Olimpiki ya kwanza kabisa kufanyika Afrika.

Sasa mchukue mtoto mmoja wa Mathare. Amejifunza tangu darasa la sita, anamaliza kidato cha nne, anapata alama, KUCCPS, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, inampeleka chuo fulani. KUCCPS haiulizi kama hapo kuna klabu ya vitara, wala haipaswi kuuliza. Anafika na mkoba wake, anaenda idara ya michezo, anaambiwa hakuna kitu kama hicho, ajaribu mpira wa mikono. Miaka miwili kabla yake klabu ilikuwepo, na vifaa viko chini ya kitanda cha mtu hosteli ya pili. Hakuna anayemwambia, kwa sababu hakuna palipoandikwa.

Kuna hoja moja ya ofisi ambayo ni ya kweli, nayo ni ajali. Mwaka 1982, kwenye mashindano ya dunia Roma, kitara cha mpinzani wa Vladimir Smirnov, bingwa wa Kisovieti, kilikatika, na kipande kilichobaki kikapenya wavu wa kofia yake. Alifariki siku chache baadaye. Viwango vya kofia, nguo na chuma cha vitara vilikazwa sana baada ya hapo, na mchezo wa leo una usalama mkubwa. Lakini viwango ni vya kofia iliyotunzwa. Wavu ukiwekwa mahali penye unyevu unashika kutu, na kutu huanzia kwenye mkunjo wa chini, karibu na kidevu, ambako huoni mpaka uinamishe kofia kwenye mwanga. Tulikuwa na daftari la kijani ambamo mweka hazina aliandika kila kofia ilikuja lini, ilitoka kwa nani, na mara ya mwisho ilipimwa lini kwa ile chuma yenye ncha inayobonyezwa kwenye wavu. Kwa hiyo ofisi inaponiambia haiwezi kutupa rafu kwa sababu mchezo ni wa hatari, mimi naona wameshika hoja kwa mkia. Rafu kavu na daftari lisilopotea ndiyo kinga yenyewe.

Wenzangu wengi wa zamani wanasema tudai bajeti. Mimi nasita. Mwaka mmoja tulitengewa pesa kidogo. Zikapita kwenye ununuzi, na ununuzi ukataka bei za wauzaji watatu walio kwenye orodha ya chuo. Hakuna muuzaji kwenye orodha hiyo anayeuza vitara. Mwaka wa fedha ulipokaribia kwisha, pesa ikabidi itumike, tukaletewa traksuti. Nzuri, zina nembo ya chuo mgongoni, za kuvaa safarini. Safari hatukuwa nayo hata moja. Za watu kama sisi ni pesa za kuchanga: M-Pesa ya waliomaliza, kitara kimoja kimoja, na mtu anayekuja kutoka ng'ambo akibeba parafujo mfukoni.

Lakini ili waliomaliza wachange, lazima uwajue. Julai 2020 chuo cha Stanford, Marekani, kilitangaza kwamba kitafuta timu 11 kati ya 36, vitara vikiwa humo. Sababu ilikuwa pesa, na hicho ni chuo tajiri ambacho sisi hatuna hata wa kumlinganisha naye. Wachezaji wa zamani waliinuka, wakaungana, wakachangisha, kesi zikafika kortini, na Mei 2021 chuo kikabatilisha uamuzi. Wengine wanaisoma habari hiyo kama ya matajiri kunusuru michezo ya matajiri, na hawajakosea sana. Mimi ninachokiona ni kwamba wale watu walipatikana. Kila timu ilikuwa na orodha ya waliowahi kuichezea. Ya kwetu ilikuwa kundi la WhatsApp, na msimamizi wake alibadilisha namba.

Oxford na Cambridge wana desturi yao ya kutunuku wachezaji buluu kamili kwa michezo mikubwa na nusu buluu kwa midogo. Watu huicheka hiyo nusu. Mimi ningeipokea kesho asubuhi, maana nusu buluu huandikwa mahali, na jina likishaandikwa mtu wa mwaka wa kwanza anaweza kulikuta.

Nilipoongea na yule mwenyekiti, nilimwambia asiombe vingi. Aombe rafu moja yenye kufuli na karatasi ya vifaa inayotiwa sahihi kila mwisho wa mwaka, yeye na mtu wa stoo. Aombe usajili wa miaka minne kwa ripoti fupi ya ukurasa mmoja kila mwaka, badala ya kuzaliwa upya kila Septemba. Aombe barua ya geti isiyo na tarehe ya kufa katikati ya muhula. Na apiganie mlezi asiwe lazima mhadhiri. Mlezi bora tuliyewahi kuwa naye alikuwa fundi wa maabara: mtu aliyekuwa chuoni kabla yetu, anayeondoka kazini saa kumi na moja, na anayejua kulehemu. Wahadhiri tuliowaandika kwenye fomu walikuwa watu wema, ila wengine walilisikia jina la klabu yao kwa mara ya kwanza siku ya kutia sahihi.

"Sasa broo, hayo yote wakikataa?" akaniuliza.

Nikamwambia aanze na rafu. Wakikataa rafu, aende kwa magongo. Magongo yao ni marefu kama vitara vyetu na stoo yao ina kona iliyo wazi, nimeiona. Wachezaji wenyewe kwa wenyewe huelewana haraka kuliko ofisi.

Fomu inatakiwa kufikia mwisho wa mwezi. Mlezi ameshapatikana, fundi wa maabara tena, ingawa fomu ina nafasi ya cheo cha mhadhiri peke yake na wameandika cheo chake hapohapo kwa kalamu. Wanachohitaji sasa ni kuthibitisha kwamba klabu ilikuwepo, maana klabu iliyokuwepo inasajiliwa kwa njia fupi na mpya inangoja kikao cha kamati ya michezo. Mimi nina barua mbili zenye mhuri na picha za koridoni. Kama ulicheza nasi, tuma chochote chenye tarehe. Na kama unajua aliko aliyekuwa mweka hazina wetu, yule aliyeenda Mombasa kufanya kazi bandarini, mwambie hatumdai kitu. Tunataka tu lile daftari la kijani.